Kusomea ufundi sauti Marekani: chuo cha jamii, shule binafsi au chuo kikuu?

Katika makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili hapa Ohio, kuanzia Cleveland na Akron hadi Columbus na Dayton, karibu kila moja lina kijana anayekaa nyuma ya mixa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti. Alianza kwa kubeba spika, akakabidhiwa vitufe, na leo kwaya haianzi mpaka yeye afike. Akimaliza sekondari anaanza kuuliza kazi hii inasomewa wapi. Matangazo ya simuni yanamwonyesha shule za Florida na Los Angeles zenye studio zinazong'aa. Mshauri wa shuleni anamtajia chuo cha jamii kinachofikika kwa basi. Mama yake anataka kusikia maneno "chuo kikuu", na haridhiki na jina jingine lolote.

Nitazilinganisha njia hizo tatu kwa mtu ambaye tayari anaishi Marekani, kisha niwaguse wanaotaka kuja kutoka nyumbani, maana hesabu yao ni nyingine. Msimamo wangu nautanguliza: kwa vijana wetu walio wengi, pa kuanzia ni chuo cha jamii, na sababu kubwa ni deni. Kazi ya sauti huanza na malipo madogo, usiku mwingi, na wiki ambazo simu haiiti kabisa. Asiye na deni anaweza kuivumilia miaka hiyo mpaka jina lake lijulikane kwa mafundi wenzake. Anayedaiwa dola mia nane kila mwezi ataiacha kazi hiyo na kwenda ghalani kupakia maboksi, hata kama masikio yake ni bora kuliko ya aliyebaki.

Njia zenyewe

Chuo cha jamii ni chuo cha umma cha miaka miwili. Cha kwanza kilichodumu hadi leo kilianzishwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, na sasa nchi nzima ina zaidi ya elfu moja. Kinampokea yeyote mwenye cheti cha sekondari au GED, cheti cha mtihani unaochukua nafasi yake. Vingi havina somo la sauti, na kati ya vilivyo nalo tofauti ni kubwa mno: kimoja kina studio kamili yenye chumba cha kurekodia bendi nzima, kingine kina maabara ya kompyuta na hedifoni tu. Cleveland kuna Cuyahoga Community College, wenyeji wanakiita Tri-C, chenye programu ya Recording Arts and Technology. Kituo chake cha sanaa kinabeba jina la Tommy LiPuma, prodyuza mzaliwa wa mji huo, na ndani ya jengo hilohilo imo maktaba na hifadhi ya nyaraka ya Rock and Roll Hall of Fame, jumba la makumbusho ya muziki wa rock. Minneapolis College ina programu inayoitwa Sound Arts. Houston Community College nayo inafundisha kurekodi, na Houston ina Waswahili wengi.

Shule binafsi za sauti zinajulikana zaidi kwa sababu zinajitangaza. Full Sail iliyoko Winter Park, Florida, ndiyo kubwa kwa jina, na wachache wanajua kwamba ilianzia hapahapa Ohio, Dayton, mwaka 1979. The Recording Workshop ya Chillicothe inafundisha tangu 1971 kwa kozi za wiki kadhaa. Arizona kuna Conservatory of Recording Arts and Sciences. SAE, iliyozaliwa Sydney mwaka 1976, ina matawi katika nchi nyingi. Wanachouza ni kasi: unaingia karibu mwezi wowote, unasoma sauti tu, unatoka mapema.

Chuo kikuu ni shahada ya miaka minne. Kwa vya umma, Middle Tennessee State University iliyoko Murfreesboro, karibu na Nashville, ina idara nzima ya kurekodi na biashara ya muziki. Kwa vya binafsi, Berklee ya Boston, iliyoanzishwa mwaka 1945, ndiyo inayotajwa kila mahali.

Fedha, na saini ya mzazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo familia zetu huumia.

California ni mfano mzuri wa ada ya chuo cha jamii, kwa kuwa jimbo zima linatoza bei moja: mkazi analipa dola 46 kwa krediti, yaani kizio cha kupimia masomo. Mwaka wa masomo wenye krediti 30 unakuwa dola 1,380, na shahada nzima ya krediti 60 ni dola 2,760. Majimbo mengine yako juu ya hapo, lakini bado ni ada ya maelfu machache kwa mwaka. Tennessee inawalipia ada wahitimu wa sekondari kupitia Tennessee Promise, na Minnesota, tangu msimu wa vuli wa 2024, ina North Star Promise kwa familia zenye kipato kisichofika dola 80,000. Upande wa pili, Berklee ada peke yake inapita dola 45,000 kwa mwaka, na shule binafsi za sauti hufikia makumi ya maelfu kwa programu nzima.

Sasa tia msaada wa serikali kuu. Pell Grant ni fedha isiyorudishwa, inaombwa kwa fomu ya bure ya FAFSA, na kiwango chake cha juu kwa mwaka 2025-26 ni dola 7,395. Mwenye green card anastahili kuomba. Wakimbizi waliopokelewa rasmi nao wamekuwa wakistahili, ila kanuni za uhamiaji zinabadilika, kwa hiyo nenda na karatasi zako ofisi ya misaada ya masomo ukaulize kabla ya kujiandikisha. Katika chuo cha jamii, Pell kamili mara nyingi inamaliza ada na kubakiza ya vitabu, nauli na hedifoni nzuri. Katika shule ya dola 40,000 inayeyuka bila kuonekana. Na Pell ina kikomo: ni sawa na mihula 12 kwa maisha yako yote. Ukiitumia kwenye shule ghali ambayo hukuimaliza, mihula ile hairudi.

Pengo linazibwaje? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi anaweza kukopa serikalini dola 5,500 tu kwa jina lake. Kwa hiyo ofisa wa shule, kwa upole kabisa, humgeukia mzazi na fomu ya mkopo wa wazazi au wa benki. Nimeona wazazi wakidhani wanasaini fomu ya ruhusa. Mkopo ule ni wa mzazi mwenyewe, unamfuata yeye, hata kijana akiacha masomo mwezi wa tatu. Fomu isomwe kwa Kiswahili mezani, na mtu anayeielewa, kabla kalamu haijashikwa. Kwa Waislamu miongoni mwetu kuna suala la riba pia, na chuo cha jamii huwaondolea wengi wao haja ya kukopa.

Kuna hatari nyingine ya shule binafsi isiyozungumzwa kwenye siku ya wageni: zinaweza kufungwa. McNally Smith College of Music ya Saint Paul, Minnesota, iliwatangazia wanafunzi na walimu wake katikati ya Desemba 2017 kwamba inafunga, na siku chache baadaye milango ikafungwa kweli. Ilikuwa shule yenye sifa na walimu wazuri. Chuo cha umma kinaweza kufuta programu, lakini chuo chenyewe hakitoweki kabla ya Krismasi.

Unachojifunza darasani

Watu hudhani shule ghali hufundisha sauti tofauti. Msingi ni uleule: jinsi sauti inavyosafiri chumbani, aina za vipaza (maikrofoni) na mahali pa kuviweka, njia ya sauti kutoka kipaza hadi spika, ekwalaiza, kompresa, kuhariri kwenye programu ya kurekodi ya Pro Tools, kumiksi, na sauti ya jukwaani.

Zoezi moja linafundishwa karibu kila mahali, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko mengi. Mwalimu anafika mapema, anachomoa waya mmoja nyuma ya rafu, anazima umeme wa volti 48 unaoendesha kipaza cha kondensa, na chaneli ya ngoma anaielekeza kwenye njia isiyofika popote. Wanafunzi wakiingia anawaambia tu: mpiga ngoma yuko tayari, sauti hakuna. Mmoja anakimbilia kupandisha geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia. Mwingine anabadilisha kipaza. Wa tatu anazima kompyuta na kuiwasha. Aliyefundishwa vizuri anaanzia chanzo na kuifuata njia kama fundi bomba anavyofuata maji: kipaza, waya, boksi la jukwaani, paneli ya matundu, priamu (kikuzaji cha kwanza cha sauti), chaneli, kundi, spika. Kila kituo anatazama mita. Pale taa inapokoma kuwaka ndipo penye tatizo. Anayelifanya zoezi hili mara nyingi hatetemeki siku ya tamasha, na ndiyo sababu ataitwa tena.

Kwa zoezi kama hilo, idadi ya wanafunzi kwa kila mixa ni muhimu kuliko bei ya mixa. Chuo cha jamii chenye wanafunzi kumi na mbili na mixa moja ya Behringer X32 kinaweza kukupa mikono mingi zaidi kuliko shule yenye mixa ya kifahari ambayo watu thelathini wanaitazama mwalimu akiigusa. Na X32, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ndiyo utakayoikuta makanisani, kwenye kumbi ndogo na hotelini. Kujifunzia kifaa utakachokikuta kazini ni faida kubwa.

Sitaficha udhaifu wa vyuo vya jamii. Muda wa studio unagawiwa kwa saa, na wiki ya mwisho ya muhula foleni ni ndefu. Baadhi ya kozi hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, na kwa kuwa kozi moja ni sharti la nyingine, ukikosa ya kwanza unaweza kusubiri hadi mwaka unaofuata. Darasa lisilojaa hufutwa. Vifaa vikiharibika, kuvitengeneza hungoja bajeti ya kaunti au jimbo. Shule binafsi hapa ziko mbele: studio nyingi, saa nyingi, baadhi hufunguliwa usiku kucha. Kijana aliyekwisha kujua misingi, asiye na familia ya kutunza, na ambaye ada yake italipwa bila mkopo mkubwa, anaweza kufaidi sana kozi fupi ya wiki kadhaa.

Walimu wa chuo cha jamii wengi ni wa muda. Wengine huona hilo kama kasoro, mimi naliona ni zuri. Anayekufundisha Jumanne jioni, Ijumaa yuko kwenye ukumbi wa maonyesho akiendesha sauti, na akihitaji mtu wa kuvuta nyaya anamkumbuka mwanafunzi aliyewahi mapema.

Kiingereza

Programu nyingi za chuo cha jamii zinaanza na mtihani wa kupima Kiingereza na hesabu. Waliosoma Uvira, Bukavu au kambi ya Nyarugusu kabla ya kufika Marekani mara nyingi hupangiwa madarasa ya Kiingereza kwanza. Madarasa hayo yanasaidia kweli, lakini mengi hayahesabiwi kwenye shahada, na yakichukua mihula mitatu yanakula sehemu ya Pell. Uliza kama kuna madarasa ya Kiingereza ya watu wazima yasiyolipiwa, uyasome kwanza, kisha ufanye mtihani. Uliza pia kama unaweza kuchukua kozi ya kwanza ya sauti sambamba na Kiingereza. Vyuo vingine vinaruhusu, na mtu anayesoma kitu anachokipenda hakati tamaa haraka.

Shule binafsi hukubali wanafunzi kwa wepesi zaidi kwa upande wa lugha. Hapo nitahadharishe: kukubaliwa haraka hakukupunguzii kitabu cha mitambo cha kurasa mia mbili kilichoandikwa kwa Kiingereza. Chuo cha jamii kina kituo cha kusaidia wanafunzi, bure, na watu wetu wakione kama haki yao.

Mtego wa kuhamia chuo kikuu

Mama anayetaka chuo kikuu hajakosea, na chuo cha jamii kinaweza kumfikisha mwanawe huko. Lakini kuna shahada mbili za miaka miwili zinazofanana kwa jina. Associate of Applied Science, yaani AAS, imeundwa kwa ajili ya kwenda kazini, na programu nyingi za sauti ziko chini yake. Associate of Arts au Associate of Science zimeundwa kwa ajili ya kuhama. Mwenye AAS akihamia chuo kikuu, kozi zake nyingi za studio zinaweza kukataliwa, akajikuta anaanza karibu upya.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, chukua mapema kozi za jumla zinazokubalika kwingi: uandishi wa Kiingereza, hesabu, fizikia ikiwezekana, kwani fizikia ya mawimbi ndiyo sauti yenyewe. Pili, dai kuonyeshwa mkataba wa maandishi kati ya chuo chako na chuo kikuu unachokitaka, unaotaja kozi kwa kozi. Maneno ya mshauri pekee hayatoshi, na washauri hubadilishwa mara kwa mara. Shule binafsi nyingi za sauti ziko nyuma zaidi katika hili: vyuo vikuu vya umma mara nyingi havizitambui krediti zao.

Chuo kikuu chenyewe kinampa nini fundi sauti? Kinampa mtandao wa watu, hasa Nashville na Boston, na kinafungua kazi zinazodai shahada: ualimu, uongozi katika televisheni, usanifu wa mifumo ya sauti ya majengo. Anayetaka hizo aende, ila miaka miwili ya kwanza aisome kwa bei ya chuo cha jamii.

Kazi ziko wapi

Vijana wengi hutaka kutengeneza biti na kumiksi nyimbo. Hiyo ndiyo sehemu ndogo na ngumu zaidi ya soko, kwa kuwa kompyuta na programu kama Reaper, ambayo leseni yake ndogo ni dola 60, zimeipeleka kazi ya studio chumbani. Ajira za mshahara ziko kwingine: mikutano ya hotelini, makanisa makubwa, vyuo, redio na televisheni, kumbi za maonyesho, kampuni za kukodisha mitambo. Cleveland ina Playhouse Square, mkusanyiko mkubwa wa kumbi za maonyesho ambao kila msimu unahitaji watu wa jukwaani. Kazi nyingi za kumbi kubwa hupitia IATSE, chama cha wafanyakazi wa jukwaani, kilichoanzishwa 1893, na mara nyingi mtu huanza kwenye orodha ya wasaidizi wanaoitwa siku ya msongamano.

Waajiri hawa hawaulizi sana jina la shule. Wanauliza kama unaweza kukunja waya ipasavyo, kufika saa kumi na moja alfajiri, na kuunganisha mfumo wa Dante unaopitisha sauti kwenye nyaya za mtandao. Kampuni ya Audinate inatoa vyeti vya Dante bure kupitia intaneti. Chukua cha kwanza kabla hata hujaanza muhula. Cheti cha Pro Tools kinasaidia zaidi wanaoelekea studio na filamu, na baadhi ya vyuo vya jamii hufanyisha mitihani yake.

Kwa walioko nyumbani

Mtu aliyeko Dodoma, Mombasa au Goma anayefikiria kuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, asitumie hesabu zangu za juu. Hastahili Pell, analipa ada ya mgeni ambayo ni mara kadhaa ya ile ya mkazi, lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza, na haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo katika mwaka huo. Akimaliza shahada ya miaka miwili anaweza kuomba kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12. Nyongeza ya miezi 24 inayotajwa mitandaoni ni ya wenye shahada ya miaka minne au zaidi katika fani za sayansi na teknolojia. Chuo cha jamii bado ni nafuu kuliko shule binafsi kwake, lakini hata nafuu hiyo bado inamgharimu maelfu mengi ya dola. Kabla ya kuuza kiwanja, aangalie Africa Digital Media Institute ya Nairobi inayofundisha uhandisi wa sauti, TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar kwa upande wa muziki wenyewe. Fedha ya muhula mmoja wa Marekani inanunua vifaa vya studio ndogo nzima, na kipaza cha Shure SM58 huuzwa Marekani kwa takriban dola 100.

Siku ya kutembelea

Usikubali kuonyeshwa studio ikiwa tupu. Omba kwenda darasa likiendelea, uhesabu wanafunzi wangapi wana mikono kwenye mitambo na wangapi wanatazama. Uliza mwanafunzi, si ofisa, anapata saa ngapi za studio kwa wiki, na kozi ipi ilifutwa mwaka jana. Uliza walimu wanafanya kazi wapi wikendi. Waulize waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi leo, na ukiambiwa "kwenye tasnia", omba majina ya kumbi na vituo. Kisha ingia College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani, utafute chuo hicho na uone deni la kawaida na kipato cha waliosoma hapo. Ofisa atakayekuhimiza ulipe amana siku hiyohiyo, muage, urudi nyumbani ulale kwanza. Chuo cha jamii hakitakuhimiza hivyo, lakini nacho kina tarehe zake: FAFSA kwa kawaida hufunguliwa Oktoba mosi, na kozi ya kwanza ya studio ndiyo hujaa mapema kuliko zote.